Masiya wa Zhongda

Jumatano, tarehe 29 Oktoba 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, anga ya Guangzhou ilikuwa nyeupe, upepo mkavu ulivuma kutoka kaskazini, na joto lilikuwa limeshuka hadi nyuzi ishirini na mbili kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Katika kiwanda cha uyoga wa makopo nje ya jiji, Clementina alisimama chini ya ngazi ya chuma, kofia ya nailoni kichwani, akimtazama Rabi Ezra akipanda kulikaribia bomba la mvuke. Rabi alikuwa mkaguzi wa vyakula vya Wayahudi, na kiwanda alichokiridhia kilipewa alama ya kubandikwa kwenye makopo. Clementina alikuwa mkalimani wake wa Kichina kwa mwaka wa tatu sasa.

"Muulize bomba hili linatoka wapi," Rabi alisema kwa Kiswahili. Alizaliwa na kukulia Nairobi, na ingawa ndevu zake zilifika kifuani, ulimi wake ulikuwa wa mtaa wa Kilimani.

Clementina aliuliza. Meneja, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, alijibu kwa maneno mengi na tabasamu pana.

"Anasema mvuke ni maji tu, na maji hayaulizwi kwao ni wapi."

"Mwambie nimeipenda falsafa yake. Sasa anioneshe bomba."

Walilifuata bomba hilo kupitia ukutani, nyuma ya ghala, hadi jengo la pili ambako nguruwe alikuwa akichemshwa kwa mvuke huo huo kwenye masufuria makubwa kuliko gari. Tabasamu la meneja lilikauka. Rabi hakupandisha sauti. Alifunga mkoba wake na kusema kwamba mwezi huu hapatakuwa na alama, na kwamba angerudi siku ambayo hangeitaja. Meneja, kwa kuwa hakuweza kumfokea mgeni, alimfokea mkalimani, akimwuliza kwa Kichina ni nani aliyemfundisha mwanamke mweusi kupekua mabomba ya watu. Clementina aliyatafsiri maneno hayo yote kwa usahihi, kwa maana ndiyo kazi aliyolipwa kuifanya.

Ndani ya gari la kurudi mjini, Clementina alimgeukia Rabi.

"Rabi, naomba nikuulize jambo. Je, unaweza kuweka alama juu ya mtu?"

"Mtu wa namna gani?"

"Mtu anayesema kwamba yeye ndiye Masiya."

Rabi Ezra alikuwa akimenya ndizi. Aliacha.

"Yuko wapi?"

"Zhongda, kwenye soko la vitambaa. Anauza vitambaa kwa jumla. Anaitwa Nikodemu, Mtanzania kama mimi. Tuko wafuasi thelathini na wawili, na mume wangu ni wa kwanza. Anasema ni mwana wa Daudi, mfalme anayengojewa na Wayahudi. Nami nikajiambia, kama ni wao wanaomngoja, basi ni wao wanaozijua alama zake."

"Wewe unamwamini?"

Clementina alitazama nje. Hilo lilikuwa swali alilolikimbia kwa majuma mengi. Mara mbili, Nikodemu alipokuwa akisema, nywele zilikuwa zimemsimama, na alikuwa amerudi nyumbani akicheka peke yake barabarani, kwa sababu kama ni kweli, basi yeye Clementina, binti wa muuza maziwa wa Machame, alikuwa akimwandalia Masiya chai kila Jumapili.

"Sijui," alisema. "Ndiyo maana ninakuuliza."

"Kwetu hakuna ofisi ya kazi hiyo, Mama Imelda. Na unajua unaniomba nini? Unataka Myahudi asimame mbele ya Wakristo amhukumu mtu anayeitwa Masiya. Hapo babu zangu wamewahi kupafikia. Walilipia kwa miaka elfu mbili."

"Amesema anayemfuata asihuishe kibali cha kukaa nchini," Clementina alisema upesi. "Anasema Ijumaa, siku milango ya maonyesho ya biashara ya Pazhou inapofunguliwa kwa vitambaa na nguo, mataifa yote yatakuwa yamekusanyika, naye atajidhihirisha, na tangu hapo hakuna polisi atakayedai karatasi. Vibali vya watu kumi na wawili vinaisha wiki hii. Changu na cha mume wangu vinaisha keshokutwa."

Rabi Ezra aliirudisha ndizi mkobani.

"Ungeanzia hapo," alisema. "Kesho jioni nitakuja. Nitauliza maswali, sitahukumu. Tumeelewana?"

*

Wilbard alikuwa akipiga pasi shati lake jeupe sebuleni, nyumbani kwao Xiaobei, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo nusu yake ilikuwa imejaa maboksi ya wateja. Alisoma shule ya bweni ya mapadre, ambako mvulana aliyevunja ahadi alisimamishwa mbele ya bendera hadi jua la mchana, na hadi leo hakuwa amevunja hata moja. Wafanyabiashara waliotuma mizigo yao kupitia kwake hawakumdai risiti.

"Umekwenda kumwita Mzungu aje kumpima ndugu yetu kama mchele," alisema bila kuinua macho.

"Ni Myahudi wa Nairobi, Baba Imelda. Na Nikodemu mwenyewe hutaja Wayahudi katika kila sentensi. Anaogopa nini wakija?"

"Haogopi kitu. Ninayeona haya ni mimi."

"Basi uone haya hivyo hivyo, lakini keshokutwa twende ofisini tukapeleke maombi. Fomu nimekwisha kuzijaza. Ni saa moja tu ya kusubiri."

"Hapana."

"Tukikamatwa? Tukipigwa muhuri wa kutorudi tena? Mizigo ya watu imelala humu ndani mpaka bafuni. Na Imelda ada yake ya Januari ataitoa nani, malaika?"

Wilbard aliisimamisha pasi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila neno alilotoa lilikuwa limepigwa pasi pia.

"Mwaka wa korona, mwenye nyumba alipotutupa nje, tulisimama wapi, Clementina?"

"Chini ya daraja la barabara ya juu."

"Hoteli ngapi zilitukatalia?"

"Zote."

"Nani alikuja na toroli la vitambaa akapakia masanduku yetu? Nani alitupatia kitanda chake, naye akalala juu ya majora ya vitambaa majuma matatu, wakati kila jirani alikuwa akiwapigia polisi simu kwamba ameficha Waafrika wenzake?"

"Nilikuwepo," Clementina alisema. "Usinisimulie kana kwamba nilikuwa likizo."

"Basi ukijua hayo, usiniulize habari za fomu. Aliniambia, 'Wilbard, simama nami.' Nikamwambia nitasimama. Imekwisha."

Clementina aliuchukua mkono wa shati uliokuwa ukining'inia, akaunyoosha juu ya meza ili aupige pasi vizuri. Ndoa yao ilikuwa hivyo: waligombana huku kazi ikiendelea.

"Lakini unaamini kwamba ndiye?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mume wake aliirudisha pasi juu ya kitambaa. Mvuke ulipanda, naye akahamia kwenye kola.

*

Walikutana Alhamisi saa kumi na mbili jioni katika chumba cha juu cha mgahawa wa Kariuki, Mkenya mmoja asiyeamini kitu chochote isipokuwa bei ya nyama. Watu walikuwa wamejaa hadi ngazini. Habari kwamba Myahudi halisi anakuja kumtazama Masiya ilikuwa imezagaa kuanzia soko la Shisanhang hadi mtaa wa Sanyuanli, na hata wasio wafuasi walikuwa wamefunga maduka mapema. Wanawake waliimba wakipiga makofi kwa namna ambayo sakafu ilitetemeka na Wachina wa ghorofa ya chini wakagonga dari kwa ufagio.

"Shemeji wa Masiya amefika!" Kariuki alipaza sauti Clementina alipoingia. "Mpisheni! Na huyu buda mwenye ndevu ndiye nani? Rabi, karibu, tuna pilau ya ng'ombe, hakuna nguruwe, naapa kwa mama yangu."

"Asante, nina ndizi," alisema Rabi Ezra. "Na kiapo hicho niliwahi kukisikia Nairobi kwa watu ambao hawakuwa na mama."

Kariuki alipigwa na butwaa, kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Huyu ni wetu! Jamani, huyu msee ni wa mtaa!"

Nikodemu alisimama kumpokea. Alikuwa mrefu, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, sauti yake ya upole, mikono yake mipana ya mtu aliyebeba majora kwa miaka kumi. Hakuvaa joho wala msalaba. Hakuwahi kupitisha kikapu cha sadaka, na jambo hilo ndilo lililowachanganya watu, kwa sababu matapeli walikuwa wamewazoea.

"Karibu, ndugu wa baba zangu," alimwambia Rabi. "Uliza lolote."

"Nani baba zako?"

"Bibi yangu alisema ukoo wetu ulishuka kutoka kaskazini. Hawakula nguruwe, na Jumamosi hawakushika jembe. Nikiwa kwenye maombi nilioneshwa kwamba sisi ni wa nyumba ya Daudi."

"Sina uwezo wa kukukanusha," alisema Rabi. "Nina jirani yangu Yerusalemu ambaye naye anasema ni wa nyumba ya Daudi, na hata kodi ya nyumba halipi."

Kicheko kilizuka. Dainess, mfanyabiashara wa nguo za watoto kutoka Mbeya, mwanamke mwenye sauti ya kupasua mbao, aliinuka na kiti chake kikaanguka.

"Tusicheze! Mimi kontena langu lilizuiwa bandarini miezi miwili. Baba Nikodemu akaniambia, 'Dainess, Alhamisi litatoka.' Alhamisi likatoka! Eleza hilo, Mzee wa ndevu!"

"Sielezi, dada. Nakusadiki," alijibu Rabi. "Lakini kwetu ishara haimfanyi mtu kuwa Masiya, wala kukosa ishara hakumwondoi. Torati yenyewe inatuonya kwamba mtu anaweza kutabiri, jambo likatokea vilevile, na bado akawa anatupoteza."

Mnong'ono ulipita chumbani kama upepo kwenye mahindi.

"Basi nyie mnaangalia nini?" alipiga kelele Dainess. "Mnaangalia sura?"

"Tunaangalia kazi iliyokwisha." Rabi alisema polepole, ili kila mtu amfuate. "Kwetu Masiya ni mtu, amezaliwa na mwanamume na mwanamke. Ni mfalme wa ukoo wa Daudi, anaishika sheria yote ya Mungu, naye hana ruhusa ya kufuta hata amri moja. Anawarudisha waliotawanywa. Analijenga upya Hekalu. Vita vinakoma, na dunia yote inamjua Mungu. Mtu akianza mambo hayo, tunasema, huenda ndiye. Akiyamaliza, tunasema, ndiye. Akifa hajayamaliza, tunasema, alikuwa mtu mwema, lakini siye."

"Yaani sampuli si kontena!" Kariuki alimaka kutoka mlangoni, na wafanyabiashara wote, waliowahi kuoneshwa sampuli ya hariri wakaletewa mzigo wa plastiki, waliguna kwa pamoja.

Lakini Dainess alikuwa amekunja uso. "Hapo umemgusa Yesu wangu."

"Sikumtaja," alisema Rabi. "Mmeniuliza mizani ya nyumbani kwetu, nimewaeleza. Mizani ya nyumbani kwenu iko mikononi mwenu. Sikuja kuishika."

Dainess alikiokota kiti chake, akaketi. "Endelea," alisema. "Umejibu kama mtu mzima."

Nikodemu aliinua mkono, na chumba kikatulia mara moja. "Ninyi kila aliyekuja mlimkataa," alisema kwa upole. "Ndiyo kazi yenu."

"Laiti ingekuwa hivyo! Mmoja tulimkubali mno. Ni zaidi ya miaka mia tatu na hamsini iliyopita. Waliomkubali hawakuwa wajinga. Walikuwa wafanyabiashara, kama ninyi. Waliuza maduka kwa bei ya kutupa. Walifungasha maharage na nyama kavu katika mapipa, wakakaa tayari bandarini kungoja meli ya kuwapeleka Yerusalemu. Sultani wa Uturuki akamwita yule mtu, akampa achague: afe au abadili dini. Akabadili dini, akapewa cheo na mshahara. Na yale mapipa yakakaa ghalani miaka, maana wenyewe waliona haya kuyafungua."

Wanawake wawili walishikana mikono. Wilbard, aliyekuwa amesimama nyuma ya Nikodemu akiwa amenyooka kama mlingoti, alikazia macho ukuta.

"Sasa swali langu la mwisho," alisema Rabi. "Masiya anawakusanya waliotawanyika. Watu hawa kumi na wawili wakikamatwa bila vibali, wakafungwa, wakarudishwa kila mmoja kwao na mlango ukafungwa nyuma yao, utakuwa umewakusanya au umewatawanya?"

"Ngoja!" Dainess aliruka tena. "Tukirudishwa nyumbani, si ndiyo kutoka uhamishoni? Si ndiyo kukusanywa kwenyewe?"

Chumba kililipuka. Watu walipiga meza, wakapigiana viganja. Hata Nikodemu alitabasamu. Rabi Ezra alifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Dada, hoja hiyo ningempelekea marehemu baba yangu, naye angekosa usingizi. Lakini niambie: mfalme anayewarudisha watu wake, huwalipisha nauli na faini?"

"Ah," alisema Dainess. "Nauli."

"Nauli ndiyo inaua," Kariuki alikubali.

Nikodemu hakuwa akitabasamu tena. "Wewe unamngoja Masiya?" alimwuliza Rabi.

"Kila siku."

"Akija utamjuaje?"

"Siku hiyo, ndugu yangu, Mama Imelda hatalazimika kunipigia simu."

Maneno hayo yaliangukia mahali ambapo yalipaswa kuangukia. Watu walianza kutazamana, wengine wakafika hata kuvaa mikoba yao begani. Clementina alihisi furaha yake ya majuma mengi ikimtoka, na mahali pake pakaingia nyingine, kali na safi, kama ya mtu aliyelifuata bomba hadi mwisho wake. Lakini Nikodemu alinyooka, na sauti yake ikawa baridi.

"Sikumlazimisha mtu. Mimi kibali changu kilikwisha Jumatatu, nimewatangulia. Anayetaka karatasi aende kwenye karatasi zake. Aliye wangu atabaki." Alimgeukia Wilbard. "Ndugu yangu, wewe?"

"Nipo," alisema Wilbard.

Clementina alimwona mume wake alivyolisema neno hilo. Hakulisema kama mtu anayesali. Alilisema kama anavyomwambia mteja kwamba mzigo utafika Ijumaa. Ndipo alipoelewa lililokuwa likimsumbua tangu usiku wa pasi, naye akapenya katikati ya watu hadi mbele.

"Baba Nikodemu, nina swali mimi pia. Yale majuma matatu uliyotulaza chumbani kwako, ulitulaza kwa bei gani?"

"Clementina!" Wilbard alimkemea.

"Nyamaza, Baba Imelda, siulizi kwa niaba yako. Kwa bei gani?"

Nikodemu aliudhika. "Sikuwauzia. Mlikuwa barabarani. Ungekuwa wewe ungeniacha?"

"Basi kama hukutuuzia, mume wangu analipa nini?"

Nikodemu alimtazama Wilbard, na mtu mwenye macho aliweza kuona wazo likimwingia, taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu.

"Wilbard. Unaniamini, au unanilipa?"

Wilbard aliangalia sakafu, akaangalia dirisha, kisha akamwangalia rafiki yake usoni. Angeweza kukwepa. Lakini walimu wake walikuwa wamemfundisha kwamba uongo wa heshima ni uongo vilevile.

"Ninakulipa," alisema.

Nikodemu aliketi. Aliitazama mikono yake, akauliza bila kuinua kichwa, "Ni wangapi wengine hapa wananilipa?"

Dainess, akilia waziwazi, aliinua mkono. "Kontena, Baba. Ulinidhamini kwa yule laobani, bosi wa ghala la bandarini, na hukuniambia. Nilijua baadaye." Kijana mmoja mwanafunzi aliinua wake: alikuwa ameugua, naye Nikodemu alimbeba mgongoni hadi hospitali. Mikono iliendelea kupanda, mmoja baada ya mwingine, hadi kule ngazini, kila mmoja na habari yake ya chakula, ya godoro, ya dhamana, ya maiti aliyesafirishwa nyumbani. Ilikuwa kama misa. Hata Kariuki aliinua wake kidogo, kisha akaushusha, kisha akauinua tena.

"Ulinilipia umeme," alisema kwa hasira. "Msinitazame."

"Mungu wangu," alisema Nikodemu. Hakuna aliyejua kama alikuwa akicheka au akilia. "Nilidhani mnaniamini."

Rabi Ezra alichukua mkoba wake. Pale mlangoni alimgusa Nikodemu begani, jambo ambalo Clementina hakuwahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote kiwandani.

"Jumapili saa moja asubuhi," alimwambia mkalimani wake. "Kiwanda cha mchuzi wa soya. Usichelewe."

*

Ijumaa saa nne asubuhi, Clementina na Wilbard walipokea stakabadhi za maombi yao kwenye ofisi ya vibali, miongoni mwa watu kumi na wawili waliofika mapema kuliko mlinzi. Dainess alileta maandazi. Kule Pazhou milango ya maonyesho ilifunguliwa kama ilivyopangwa, mataifa yakaingia kwa mistari, kila taifa na kadi yake shingoni.

Nikodemu alikuwa akiwangoja nje, amevaa koti safi. Wilbard alikuwa amempigia simu alfajiri. Kwa pamoja waliingia kwenye chumba cha pili, kile cha waliopitisha siku, ambako viti vilifungwa sakafuni na hakuna aliyezungumza kwa sauti. Afisa alikuwa msichana mwenye miwani, pengine wa umri ambao Nikodemu angeweza kumzaa. Aliwaangalia watu watatu walioketi mbele yake.

"Nilimwita mmoja," alisema kwa Kichina.

"Mimi ni mkalimani," alisema Clementina.

"Na huyu?"

"Huyu ni mume wa mkalimani."

Afisa aliandika. Aliuliza jina, kazi, anwani. Aliuliza kama aliajiriwa mahali pasiporuhusiwa. Aliuliza kama kuna mtu aliyemshawishi. Kila swali lilipita kwa Clementina na kila jibu lilirudi kupitia kwake bila kuongezwa chumvi. Mwishowe aliuliza, "Kibali kiliisha Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Kwa nini hukuhuisha?"

Nikodemu alifikiri.

"Mwambie nilikuwa nangoja jambo," alisema. "Na halikuja."

Clementina alilitafsiri vile vile lilivyo. Afisa aliinua macho, akamtazama mtu yule mrefu kwa sekunde chache, kisha akaandika herufi nne tu. Clementina alizisoma kutoka upande wa pili wa meza: sababu binafsi. Kwa kuwa alikuja mwenyewe, afisa alisema, hatawekwa kizuizini. Faini ni ya siku nne, kwa yuan mia tano kila siku. Alipewa siku kumi za kupanga mambo yake, kuomba upya au kuondoka.

Nikodemu alitia mkono ndani ya koti. Mkono wa Wilbard ulikuwa umekwisha kufika mezani na noti zikiwa zimenyooshwa kama shati.

"Hapana, Wilbard," alisema Nikodemu. "Nilikwambia sikuwauzia."

"Najua."

"Basi usiniaibishe mbele ya mtoto huyu."

"Nikodemu," alisema Wilbard, na sauti yake ilikuwa ya bweni, ya asubuhi ya bendera, "miaka mitano nimetembea na chumba chako mgongoni. Nimekuita mfalme kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kukitua. Mama Imelda amenionesha njia. Ukiukataa mkono huu, utanirudisha kule kule, nami nitakuwa mtu wako tena, na si rafiki yako. Chagua."

Afisa aligonga meza kwa kalamu. "Wanagombana? Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo," alisema Clementina. "Wanashindania kulipa."

Hilo afisa alilielewa. Kila siku aliwaona Wachina wakifanya hivyo hivyo migahawani. Alitabasamu kwa mara ya kwanza, akangoja.

Nikodemu aliuondoa mkono wake kwenye koti, polepole, ukiwa mtupu, na kuuweka gotini. Wilbard aliusogeza mbele mkono wake wenye noti. Mashine ilizihesabu kwa mlio mkali, risiti ikatoka, na afisa akauliza iandikwe kwa jina gani, na mlipaji ni nani kwa mtuhumiwa.

"Anauliza wewe ni nani kwake," Clementina alimwambia mume wake.

"Mwambie nilikuwa mdeni wake," alisema Wilbard. "Na mwambie nimelipa."